Uvimbe Baada ya Miaka Tisa

Watu wengi wakisikia jina la Villawood hukumbuka kile kituo cha kuwazuilia wahamiaji. Sisi tunaoishi mitaa hii ya magharibi mwa Sydney tunaijua pia kwa majiko ya dada zetu, ambamo Jumamosi moja moja tunasonga ugali na kuongea Kiswahili mpaka watoto wanalala kwenye makochi. Ni katika jiko moja la namna hiyo dada mmoja, mwenye miaka arobaini na kitu, aliniomba nifunge mlango. Titi lake la kushoto lilikuwa limevimba hata sidiria haifungi. Uvimbe ulikuwa na wiki sita, na hakuwa amemwambia mtu.

Miaka tisa nyuma, baada ya kumwachisha ziwa mtoto wa tatu, aliwekewa vipandikizi vya silikoni katika kliniki moja hapa hapa Sydney. Mumewe alijua, tena alikuwa amempinga, ndiyo maana sasa aliona haya kumweleza. Mama mkwe kule nyumbani hajui. Daktari wake wa familia naye hakujua, kwa sababu kila alipoulizwa kama amewahi kupasuliwa alitaja upasuaji wa uzazi tu.

Kabla hatujamcheka, tukumbuke kwamba wengine huwekewa vipandikizi baada ya kuondolewa titi kwa ajili ya saratani. Na hata aliyeweka kwa ajili ya urembo, mwili ni wake. Kilichonitia hofu si kwamba alivyo navyo, bali kwamba amevificha hata kwa daktari.

Mwili ukiingiziwa kitu kigeni hukizungushia ganda la kovu. Hilo ni jambo la kawaida. Kwa baadhi ya wanawake ganda hilo hukaza mwaka hadi mwaka, titi likawa gumu, likauma, likapinda umbo. Kipandikizi chenyewe kinaweza kupasuka. Silikoni ya ndani ni nzito na haimwagiki kama maji, kwa hiyo mtu anaweza kutembea na kipandikizi kilichopasuka kwa miaka bila kuhisi chochote. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inasema wazi kwamba vipandikizi si vya maisha: hadi mwanamke 1 kati ya 5 walioweka kwa ajili ya kuongeza ukubwa huvitoa ndani ya miaka 8 hadi 10. Kwa vya silikoni inashauri kupiga picha, ultrasaundi au MRI, miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 au 3, hata kama hakuna maumivu. Dada yetu hakuwahi kupiga hata moja. Anasema hakuna aliyemwambia, na kama aliambiwa basi ni katika zile karatasi za Kiingereza alizotia saini asubuhi ya upasuaji.

Ila uvimbe wa ghafla baada ya miaka mingi una jambo lake la pekee. Iko saratani adimu ya chembe za kinga za mwili, aina ya limfoma, inayoota kwenye maji au kwenye ganda linalozunguka kipandikizi. Madaktari huiita BIA-ALCL. Si saratani ya titi lenyewe. Imehusishwa zaidi na vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza, si vile vyororo. Mara nyingi hutokea kati ya miaka 3 na 14 baada ya upasuaji, na dalili yake kubwa ni hiyo hiyo: titi moja kujaa maji. Mamlaka ya dawa ya Australia, TGA, iliwahi kutaja makadirio ya kati ya mwanamke 1 kwa 1,000 na 1 kwa 10,000 wenye vipandikizi. Julai 2019 kampuni ya Allergan ilivirudisha vipandikizi vyake vya Biocell kutoka masoko ya dunia nzima, na Septemba mwaka huo TGA ikasimamisha au kufuta aina kadhaa nyingine. Wasio na dalili hawakuambiwa wakimbilie kuvitoa. Waliambiwa wajichunguze na wajue wamewekewa aina gani.

Habari njema, na niliisema mara mbili pale jikoni, ni kwamba ikigunduliwa mapema wengi hupona kwa kutolewa kipandikizi pamoja na ganda lake lote. Kuchelewa ndiko kunakoipa nafasi ya kuenea.

Kujua aina gani, basi. Ukitoka kwenye upasuaji hupewa kadi yenye jina la kampuni, modeli na nambari. Wanawake waliowekewa vya kampuni ya Ufaransa ya PIP walilijua hili kwa uchungu mwaka 2010, ilipofichuka kwamba vilijazwa silikoni ya viwandani. Ilibidi wengi waanze kutafuta majalada. Dada yetu aliikuta kadi yake kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za chanjo za watoto. Kama yako imepotea, iombe kliniki au hospitali nakala ya jalada lako. Na wewe uliyefanyiwa Istanbul, Dubai au Bangkok, omba sasa, kliniki ingali na simu inayopokelewa.

Kikwazo kingine ni umbea. Jamii yetu hapa ni ndogo, na dada aliogopa kwamba mkalimani angekuwa mtu wa kanisani. Mkalimani amefungwa na sheria ya siri. Kwa kupiga 131 450 utapata mkalimani wa simu, na unaweza kuomba awe mwanamke. Ukienda kupigwa mamogramu ya bure ya BreastScreen, namba 13 20 50, sema kuhusu vipandikizi wakati wa kuweka miadi, maana picha hupigwa kwa namna tofauti kidogo.

Kwa mabinti wanafunzi wanaovutiwa na matangazo ya bei nafuu: tangu Julai 2023 hapa Australia upasuaji wa urembo unahitaji barua ya daktari wa familia, na lazima zipite siku 7 baada ya kutia saini kabla ya kulipa amana au kupanga siku ya upasuaji. Anayekuharakisha, mwache.

Jumatatu ile dada alikwenda kwa daktari wake na kumweleza yote. Ultrasaundi ikaonyesha maji. Yakavutwa kwa sindano yakapelekwa maabara, na majibu yalichukua siku tisa ambazo hakulala vizuri. Hayakuwa na saratani. MRI ikaonyesha kipandikizi cha kushoto kimepasuka, tena si jana wala juzi. Vyote viwili vimetolewa. Medicare ilichangia kwa kuwa kulikuwa na sababu ya kitiba, lakini fedha iliyobaki bado inalipwa kidogo kidogo. Kifua kimekuwa bapa kuliko anavyopenda, na kovu linawasha wakati wa baridi. Shemeji ndiye aliyemsubiri hospitalini siku nzima na chupa ya uji. Mama mkwe bado hajui, na hilo ni lao wenyewe.