Saa Isiyosadikika: Utatuzi wa Hitilafu za Ulinganishaji wa Saa katika Vidhibiti vya Seva, kwa Kurejelea Soko la Owino

Soko la Mtakatifu Balikuddembe jijini Kampala, ambalo wengi wangali wakiliita Owino, lajulikana kwa mivumba kuliko kwa kompyuta. Hata hivyo, tangu huduma ya pesa kwa simu ianze nchini Uganda mwaka 2009, mauzo ya sokoni humo huacha alama zenye saa na dakika. Muuza mashati akidai hajalipwa, na mteja akaonyesha ujumbe wa malipo, mwamuzi ni kumbukumbu za seva zilizo mbali na vibanda. Makala hii inashughulikia saa moja inayosahauliwa katika mlolongo huo, yaani saa ya kidhibiti cha seva.

Kidhibiti hicho ni kompyuta ndogo iliyopachikwa kwenye ubao mama. Dell huiita iDRAC, nayo HPE iLO. Kina poti yake ya mtandao na huendelea kufanya kazi hata seva ikizimwa, maadamu umeme unaifikia. Hurekodi matukio ya mashine yenyewe: feni iliyosimama, joto lililopanda, umeme uliokatika. Kwa kuwa saa yake si ile ya mfumo endeshi, fundi anayechunguza kama muamala ulikwama kwa sababu ya umeme hujikuta na daftari mbili zisizokubaliana.

Kabla ya kugusa chochote, ukubwa wa kosa upimwe, kwani aghalabu kosa lenyewe hutaja asili yake. Tarehe ya mwaka 1970 humaanisha kwamba kidhibiti hakikupata saa popote tangu kilipowaka. Pengo la saa 3 kamili ni suala la ukanda wa saa: itifaki ya NTP husambaza saa ya UTC pekee, na Uganda iko saa 3 mbele yake. Pengo la saa 6 ni kazi ya mkono wa binadamu. Katika Kiswahili, kama ilivyo katika Kiganda, saa mbili asubuhi ni 08:00; aliyeandika 02:00 alisikia sawasawa, akaandika vibaya. Miongozo ya Kiingereza haina sababu ya kulitarajia kosa hili.

Pengo lisilo na umbo, la dakika kadhaa zinazozidi kukua, huelekeza uchunguzi kwenye mtandao. Poti ya kidhibiti kwa kawaida hutengwa na intaneti kwa ajili ya usalama, na utengano huo, ambao ni wa busara, ndio unaoizuia isifikie seva ya saa. Ngome ya mtandao iruhusu UDP 123, maombi na majibu. Ikiwa kidhibiti hakikupewa anwani ya DNS, jina la seva ya saa halitatafsiriwa. Itumike anwani ya namba. Majibu yakifika na bado yakakataliwa, seva ya saa yenyewe ichunguzwe: yenye daraja la 16 haijalinganishwa na chanzo chochote. Suluhisho imara ni seva ya saa ya ndani, inayofikiwa na vidhibiti vyote.

Pengo liandikwe kando kabla ya kurekebishwa. Rekodi zilizokwisha kuandikwa hazijisahihishi, na dai la muuza mashati la wiki iliyopita bado litasomwa kwa saa ya zamani.