KAZI YAKO IANDIKE MWENYEWE



Wazee wetu wa Kenya walivaa kipande shingoni. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ndani ya kijisanduku cha bati mlikuwa na karatasi yenye alama za vidole, kazi alizofanya mtu na mshahara wake. Mwandishi alikuwa mwajiri. Bila sahihi yake siku ya kuondoka, mtu alihesabiwa mtoro.

Leo kipande hakipo. Karatasi ya kueleza kazi zako, ile ambayo maofisini huitwa CV, unaiandika wewe. Hata hivyo wengi wetu husema hayo ni mambo ya makarani. Mashine za kuchuma chai zimeingia katika mashamba ya Kericho, na mwezi wa Mei 2023 baadhi yake zilichomwa moto kwa hasira ya kukosa kazi. Mtu aliyechuma chai miaka 15 anatoka, na akiulizwa anajua nini anajibu: "Mimi kibarua tu." Hiyo "tu" inampunguzia mshahara kabla hajaanza kazi.

Chukua karatasi. Andika jina lako, anwani na namba ya simu. Kisha orodhesha kazi zako ukianza na ya mwisho: jina la shamba au kiwanda, mwaka wa kuanza, mwaka wa kumaliza, na kazi yenyewe.

Hapo kwenye kazi yenyewe ndipo tunapoteleza. Ukiandika "mfanyakazi wa kiwanda cha chai", msomaji hajui kama ulikuwa ukifagia au ukitunza boila. Andika hivi: "Nilitunza boila zamu ya usiku. Nilisoma geji ya presha na kuiandika kitabuni." Au hivi: "Nilichuma chai, kisha nikawa mpimaji. Nilipima na kuandika kilo za watu 40 kila siku." Anayeweza kuweka hesabu ya watu 40 bila ugomvi anaweza kutunza ghala. Taja pia mafunzo, hata ya siku moja: huduma ya kwanza, kuzima moto, kupulizia dawa.

Usitie uongo. Ukidai unajua mashine usiyoijua, utakatika kidole au utamkata mwenzako. Ukurasa mmoja watosha. Kama mwandiko ni shida, mwambie mtoto wa shule aandike, kisha akusomee yote kabla hujaipeleka.

Karatasi hiyo inahitaji shahidi, yaani cheti cha utumishi. Kenya, sheria ya ajira ya 2007 inampa haki ya cheti kila aliyefanya kazi majuma 4 mfululizo au zaidi. Kitaje kazi yako, mahali, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Mwajiri anayekunyima kwa makusudi aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili. Tanzania, sheria ya 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti kazi inapokwisha. Uganda, sheria ya 2006 inasema utapewa ukiomba. Basi ndugu wa Uganda, ombeni, tena kwa barua, na mbaki na nakala yake.

Wengine huuliza: niandike kwamba nilikuwa mwakilishi wa chama? Kenya, sheria ya uhusiano wa kazi ya 2007 inakataza kumbagua anayetafuta kazi kwa sababu ya chama. Lakini tunajua wako waajiri wanaolikunjia uso jina la chama. Uamuzi ni wako. Ukiandika, taja kazi uliyoifanya: uliandika kumbukumbu za mikutano, ulisuluhisha magomvi ya zamu, ulitunza michango. Hiyo ni kazi kama nyingine.

Mwisho, peleka nakala, vyeti vyenyewe vibaki nyumbani. Anayekudai pesa ili akuingize kazini usimpe kitu.

Makatibu wa matawi, msingoje watu waachishwe. Tengeni Jumapili moja, mlete kalamu na karatasi, kila mwanachama aandike yake angali kazini, wakati tarehe anazikumbuka na mnyapara wake yupo wa kumuuliza.

Umoja ni nguvu.