Saluni ya Ngong inalishwa na mteja anayerudi

Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 102,000 mjini Ngong, na Kitengela zaidi ya 154,000. Kwa mwanamke anayefungua saluni yake mwenyewe katika Kaunti ya Kajiado, idadi hiyo inatia moyo. Lakini watu wengi kati ya hao mchana hawapo. Alfajiri wamepanda matatu kwenda kazini Nairobi, na wakirudi giza limeshaingia. Anayefungua saa tatu asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni anawasubiri watu walio mbali.

Saa za kazi, basi, ndilo jambo la kwanza la kupanga. Jumamosi kutwa, Jumapili baada ya ibada, na jioni za katikati ya wiki hadi saa tatu usiku, ikiwa mtaa una taa na ulinzi. Mchana wa Jumanne uwe wa wafanyabiashara wa sokoni, akina mama wenye watoto wachanga na wanafunzi wa vyuo. Hao ndio wa kupunguziwa bei. Kupunguza bei Jumamosi, siku ambayo foleni ipo hata bila kuitwa, ni kutupa pesa.

Wengi huanza na bei ya chini ya ufunguzi. Saluni hujaa wiki mbili, bei ikipanda wateja wanahamia mlango wa pili. Naamini nguvu hiyo ingefaa zaidi kwa aliyekwisha kuketi kitini. Rasta zilizosukwa vizuri hukaa kama wiki sita. Mteja anayezirudia kila zinapofumuliwa atakuja mara nane kwa mwaka. Wateja 60 wa namna hiyo ni watu kama tisa kila wiki, kabla hujamhesabu mpita njia hata mmoja. Hao 60 waandikwe kwenye daftari la kawaida: jina, simu, mtindo, tarehe, dawa gani ilimwasha kichwani. Wiki ya tano mpelekee ujumbe mfupi, umtaje kwa jina.

Ila muulize kwanza kama anataka kuandikiwa. Na picha za vichwa vilivyosukwa, ambazo siku hizi ndizo bango la saluni kwenye WhatsApp na TikTok, zinahitaji ruhusa ya mwenye kichwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya starehe Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Saluni ndogo haiwezi kuinuka tena baada ya faini kama hiyo.

Jambo linalowaumiza zaidi wenye saluni, hata hivyo, ni msusi kuhama. Mteja humfuata msusi aliyemzoea. Jina la duka halimshiki. Msusi akikodi kiti saluni ya jirani, au akianza kuwasukia wateja majumbani kwao, nusu ya daftari inaondoka naye. Nimesikia wenye saluni wakiwakataza wasusi wao kupeana namba za simu na wateja. Haisaidii. Namba hupeanwa hapo nje mlangoni. Kinachosaidia ni kamisheni inayojulikana tangu siku ya kwanza na kulipwa jioni hiyo hiyo. Na mwenye saluni asikae kaunta tu akipokea M-Pesa: aoshe nywele, ajue mtoto wa nani anafanya mtihani, mteja amjue naye. Msusi akiondoka, pabaki mtu ambaye mteja anamjua.

Kazi yenyewe ya mkono nayo huvuta wateja. Ngong ni nchi ya Wamaasai, na kusuka hapa ni ufundi wa zamani. Morani walisukana nywele ndefu kwa subira kubwa, na mama ndiye aliyemnyoa mwanawe siku ya eunoto, sherehe ya morani kupanda daraja. Vijana wa Kimaasai wamekwenda na ufundi huo hadi Dar es Salaam, ambako wanajulikana kwa kusuka, wengine wakifanyia kazi barazani tu. Kinachowaletea watu ni unadhifu wa mistari inayoonekana kutoka barabarani.

Unadhifu huo usitafutwe kwa kukaza. Shule zinapokaribia kufunguliwa, mama huleta mabinti wawili watatu kusukwa matuta. Mtoto akilia kwa kuvutwa, mama amekwenda na hao wote. Na mteja ambaye nywele za pembeni ya uso zimeanza kung'oka aambiwe wazi: pumzisha kichwa mwezi mmoja, usisuke. Pesa ya leo inapotea. Lakini mwanamke aliyeambiwa ukweli huo atarudi, na atawaambia wenzake wa chama.

Maji nayo yasisahaulike. Visima vingi vya Kajiado vina chumvi, shampuu haitoi povu na nywele hubaki ngumu, hasa upande wa Kitengela. Afadhali kununua maji laini ya kusuuzia mara ya mwisho kuliko kununua kioo kikubwa zaidi.

Nawe msomaji unayesukwa mtaani kwako, ukiweka miadi, fika kwa wakati. Ukikwama kwenye foleni ya magari, piga simu mapema, ili msusi wako ampe mwingine kiti na asipoteze kazi ya jioni nzima.