Muhoro na Maji Yake

Msafiri atokaye Kibiti kwenda Lindi huvuka Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, akaendelea na safari yake pasipo kujua kwamba upande wa mashariki wa barabara ile upo mji mdogo ambao zamani ulikuwa ndio macho na masikio ya serikali katika Rufiji. Mji huo ni Muhoro, au Mohoro kama walivyouandika Wadachi. Leo tunapenda kuuzungumzia, maana ndugu zetu wa visiwani, wa Salale, Mbwera na hata Mafia, wanaujua tangu enzi za majahazi ya boriti, lakini baadhi ya viongozi wetu wanaujua kwa taarifa za maafa tu.

Wadachi waliweka ofisi yao Muhoro kwa sababu iliyo wazi: aliyekaa pale alikuwa karibu na vijito vya delta, na vijitoni ndiko ilikotoka miti ya mikoko iliyopakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Ndipo pia zilipotoka amri za kodi na za kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Mwezi Julai 1905 wananchi wa Umatumbi waliing'oa pamba hiyo kule Nandete. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alikamatwa, na tarehe 4 Agosti 1905 akanyongwa papo hapo Muhoro. Waliomnyonga walidhani wameyamaliza. Vita vya Maji Maji viliendelea hadi mwaka 1907 na kuenea kusini yote.

Baadaye makao ya serikali yalihamia Utete, na Muhoro ikabaki mji wa wakulima, wavuvi na wachuuzi. Tabia yake hata hivyo haikubadilika, kwa kuwa tabia hiyo imefinyangwa na mto. Mrufiji hupanda mpunga wakati wa mvua, akajenga dungu shambani, nyumba ya miguu mirefu, alinde mazao yake dhidi ya ndege na nguruwe, na maji yakija yapite chini yake. Maji yakipungua hulima mlau katika udongo ule ule uliolowa: mahindi, kunde, maboga. Kwa hiyo gharika ya kadiri kwake si msiba. Ni mbolea asiyoilipia hata senti.

Tunayasema haya kwa sababu jambo la kuwahamisha watu wa bondeni si geni. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 ilianzishwa Operesheni Rufiji, na maelfu ya wananchi wakahamishiwa vijiji vya ujamaa katika ardhi ya juu. Nia ilikuwa njema, na shule, zahanati na visima vilisogea karibu na watu. Sisi tuliolelewa na Chama hatuoni haya kuyasifu hayo. Lakini hatuna budi kukiri pia kwamba ardhi ya juu ilikuwa ya mchanga, na kila msimu watu walirudi bondeni kimya kimya, wakaishi madunguni miezi kadhaa, watoto wakiwa pamoja nao na madawati ya shule yakiwa matupu.

Mwezi Aprili 2024 maji yalikuja tena, safari hii si ya kadiri. Mvua za El Nino zilikuwa kubwa mno, na Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, likalazimika kufunguliwa milango. Muhoro ikazama pamoja na mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Hatutaki kuingia katika mabishano ya nani alaumiwe, mvua au bwawa. Aliyepoteza magunia yake ya mpunga haulizi swali hilo kwanza.

Swali lake la kwanza ni hili: nikihamia juu, shamba langu la mlau litakuwa la nani? La pili: bwawa likitaka kufunguliwa, nitapata habari siku ngapi kabla, na kwa njia gani huku delta ambako mtumbwi ndio basi? Maafisa wanaogawa viwanja wangefanya vyema kwenda Muhoro na majibu ya maswali hayo mawili mfukoni, kabla ya kwenda na kamba ya kupimia.