Wiki za Rufaa Ni Wiki za Kula

Mgonjwa wa saratani ya umio anayetoka kata ya Ulaya, kwenye barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, mara nyingi hufika kwa daktari bingwa wa upasuaji akiwa amekwisha kukonda. Ugali ulianza kukwama, akausukuma kwa maji. Wali ukafuata, kisha ndizi, mwishowe ukabaki uji. Ndipo safari inapoanza: zahanati, hospitali ya wilaya Kilosa au Mtakatifu Kizito pale Mikumi, kisha Morogoro, kisha Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, karibu kilometa 300 kutoka Mikumi. Kati ya barua moja ya rufaa na nyingine hupita wiki kadhaa. Na wagonjwa hawa si wachache, kwa maana ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye saratani ya umio kwa wingi, na Tanzania imo ndani yake.

Kwamba kukonda huua baada ya upasuaji ni jambo la kale. Mwaka 1936 daktari Hiram Studley wa Cleveland, Marekani, alichapisha matokeo ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa vidonda vya tumbo. Miongoni mwa waliopoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao, theluthi moja walifariki. Kwa wengine vifo vilikuwa asilimia 3.5 tu.

Ila kilo peke yake hudanganya. Mtu anaposhinda njaa ya kawaida, mwili huchoma mafuta na kujitahidi kutunza misuli. Saratani huvuruga mpango huo: uvimbe huamsha uchochezi mwilini, hamu ya kula hupotea, na misuli huvunjwavunjwa ili ini lipate malighafi ya kutengenezea protini za mwitikio wa uchochezi. Wakati huohuo maji yanaweza kujaa miguuni na tumboni, mzani ukasoma kilo zilezile. Mama mnene mwenye saratani ya matiti au utumbo anaweza kuwa na misuli michache kuliko jirani yake mwembamba, na hakuna anayemwonea wasiwasi. Mwaka 2008 watafiti wa Kanada walionyesha hatari hiyo kwa kupima misuli kwenye picha za CT zilizokwisha kupigwa kwa ajili ya saratani yenyewe, wakiangalia usawa wa pingili ya tatu ya kiuno. Wanene wenye misuli haba waliishi muda mfupi zaidi.

Misuli ndiyo inayomwezesha mgonjwa kukohoa na kutoa makohozi baada ya nusukaputi, kuamka kitandani, na kupata akiba ya kuponyesha mshono. Ikipungua, nimonia huingia na utumbo ulioungwa huweza kuvuja.

Zahanati haihitaji CT ili kuliona hili. Mtu aliyekuwa na kilo 60 na sasa ana 54, ndani ya miezi 6, amepoteza asilimia 10. Huyo yumo hatarini hata kama bado anaonekana mzima. Utepe wa kupimia mkono, kama ule unaotumika kliniki ya watoto, una kazi kwa mtu mzima pia. Mwambie ainuke kitini bila kujishika, umtazame.

Sasa chakula. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji protini gramu 60 hadi 75 kwa siku. Kikombe cha uji mwepesi wa sembe hakimpi zaidi ya gramu 2 au 3. Ndiyo maana nasema uji mtupu, tunaompa kwa huruma, unammaliza. Uji huohuo ukipikwa kwa maziwa, ukatiwa karanga zilizosagwa laini na unga wa dagaa, huwa chakula kingine kabisa: yai lina gramu 6, kikombe cha maziwa 8, kiganja cha karanga 7, na gramu 30 za dagaa wakavu zaidi ya 15. Supu ya maharage iliyochujwa inapita hata kwenye koo lililobana. Kidogo kidogo, mara sita au saba kwa siku.

Wapo wanaomnyima mgonjwa nyama na maziwa wakiamini chakula kinalisha uvimbe. Uvimbe hujilisha kutoka mwilini, mgonjwa ale asile; anayekufa njaa ni yeye.

Asiyemeza kabisa awekewe mrija wa kulishia. Miongozo ya kimataifa inaruhusu hata kuahirisha upasuaji wa saratani kwa siku 7 hadi 14 ili kumlisha aliyedhoofu sana. Lakini aliyekaa na njaa muda mrefu aanzishwe taratibu chini ya uangalizi, kwa sababu kumshindilia ghafla huvuruga chumvi za damu na kuweza kusimamisha moyo.

Na ile amri ya kutokula tangu jioni kabla ya upasuaji? Kwa wagonjwa wengi wanaomeza vizuri, saa 6 bila chakula kigumu na saa 2 bila maji zinatosha. Mgonjwa wa umio ni tofauti, chakula hubaki juu ya uvimbe, hivyo daktari wa usingizi ndiye aamue. Upasuaji ukiahirishwa, apewe chakula mara hiyo, asisubiri kesho akiwa mtupu.

Naomba barua ya rufaa kutoka zahanati iandikwe mambo matatu zaidi: uzito wa leo, uzito wa zamani anaoukumbuka mgonjwa, na anachoweza kumeza. Afisa lishe wa wilaya apate nakala siku hiyohiyo, ili uji ubadilike kabla basi halijaondoka Mikumi.