Elimu ya bure ipo mkononi, mzazi yuko wapi?

BAADA ya sala ya Isha, mzee mmoja wa msikitini kwetu alinifuata ofisini akiwa ameishika simu ya mkewe kama mtu aliyeshika nyoka. Binti yake wa kidato cha pili alikuwa amekutwa usiku wa manane, shuka kichwani, simu usoni. "Katibu," akaniambia, "wewe umesoma. Niambie, niivunje au niiuze?"

Tuliifungua pamoja. Orodha ya mambo aliyoyatazama binti ilikuwa mchanganyiko: masomo matatu ya kusawazisha milinganyo ya kemia, kisha vichekesho na mitindo ya mishono visivyo na idadi. Mzee aliona vichekesho tu. Mimi niliiona na kemia, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Ndugu msomaji, hofu ya wazazi wa Kiislamu juu ya simu ni hofu ya haki. Machafu yamo, na humfuata mtoto hata asipoyatafuta. Lakini tukiifungia simu kabatini, tunaufunga pia mlango wa elimu ambayo zamani ilikuwa ya watoto wa wenye uwezo wa kulipia tuisheni.

Chukua mfano wa Salman Khan, Mmarekani ambaye baba yake ana asili ya Bangladesh. Mwaka 2004 alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya uwekezaji mjini Boston. Binamu yake, Nadia, aliyekuwa akiishi New Orleans, alikwama katika hesabu za kubadili vipimo. Khan akawa anamfundisha kwa simu baada ya kazi, huku wakiandikiana kwenye kompyuta. Ndugu wengine wakasikia, nao wakataka. Mwaka 2006 akaanza kurekodi masomo hayo na kuyaweka YouTube, na mwaka 2009 akaacha kazi yake ili ashughulikie ufundishaji peke yake. Leo taasisi yake, Khan Academy, inafundisha hisabati, fizikia, kemia na biolojia bila kutoza ada. Jambo hilo lote lilianza ndani ya ukoo, mkubwa alipokubali kumkalia mdogo.

Namna masomo hayo yalivyopangwa haitamshangaza yeyote aliyepita chuoni. Mtoto husikiliza somo fupi, hufanya mazoezi, akikosea hurudia, na hushauriwa asisogee mbele kabla ya kulimudu la nyuma. Je, si ndivyo tulivyosomeshwa juzuu? Ustadhi hakukupandisha sura nyingine mpaka umemsomea ile ya jana bila kukwama. Tofauti ni kwamba mwalimu wa kwenye simu hachoki kurudia, wala hana bakora.

Kikwazo kikubwa kwa watoto wetu ni lugha. Mtoto wa Kitanzania anayetoka shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha sekondari anakutana na kemia kwa Kiingereza. Darasani maneno humpita. Kwenye simu anaweza kulisimamisha somo, akalirudisha nyuma, akafungua kamusi. Na hapa ndipo mama asiyejua Kiingereza wala kemia anapokuwa na kazi kubwa kuliko anavyodhani. Amwambie mwanawe: "Haya, nieleze kwa Kiswahili ulichojifunza leo." Mtoto aliyeelewa ataeleza. Ambaye hakuelewa atababaika, naye mwenyewe atajua pa kurudia. Swali hilo halihitaji cheti. Linahitaji mzazi aliyeketi karibu, sebuleni, kabla ya saa nne ya usiku.

Si kila kitu kinatoka ng'ambo. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba ya mtandaoni ambamo vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo, na ningemshauri mzazi aanzie hapo, kwa kuwa ndivyo vinavyofuata mtaala wa mtihani wa mwanawe.

Hata hivyo, tusidanganyane: bure ya mtandaoni huanza baada ya kununua bando, na video hulimaliza upesi. Kwa sababu hiyo nimevutiwa na programu iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa mahsusi kwa sehemu zisizo na intaneti. Masomo, yakiwemo ya Khan Academy, hupakuliwa mara moja tu na kuwekwa katika kompyuta moja. Baada ya hapo watoto huyasoma katika simu au kompyuta nyingine kwa kuunganishwa na ile ya kwanza kwa waifai ya pale pale chumbani, pasipo bando. Na katika chumba cha namna hiyo hakuna njia ya kutorokea kwenye vichekesho.

Habari za ulimwengu nazo zina adabu yake. Vijana wetu hupata habari kwenye makundi ya WhatsApp, ambamo picha ya vita vya miaka kumi iliyopita hutumwa kama ya asubuhi ya leo. Sura ya Al-Hujurat imetuamuru kuhakiki habari anayoileta fasiki, na wanazuoni wa hadithi hawakupokea neno bila kuuliza limepitia kwa nani. Mtoto na aulizwe vivyo hivyo: nani amesema, lini, wapi, na chombo gani kingine kimeripoti? Hata picha yenyewe inaweza kutafutwa kwa Google ionekane ilipata kutumika wapi. Nikiri kwamba wanaosambaza bila kuuliza, mara nyingi ni sisi wazee wao.

Simu ya yule mzee haikuvunjwa. Imepewa saa maalumu, baina ya Magharibi na Isha, naye huketi pale pale na tasbihi yake.

Suala la Kolibri nililipeleka kwenye kikao cha kamati. Fedha iliyopo inatosha kitu kimoja: kompyuta iliyotumika na kifaa chake cha waifai, au zulia jipya la upande wa wanawake, ambalo kwa kweli limechakaa. Wajumbe waligawanyika. Aliyesimama kuitetea kompyuta kwa nguvu zaidi alikuwa mwakilishi wa akina mama, hao hao wanaosali juu ya lile zulia. Mwenyekiti ameahirisha uamuzi hadi kikao kijacho.