Kompyuta mpakato isiyowaka

Kompyuta mpakato isiyowaka ni ile isiyofika kwenye mfumo endeshi baada ya kubonyezwa kitufe cha kuwashia. Kwanza hutazamwa kama inapata umeme. Isipotoa taa wala sauti ya feni, hukaguliwa soketi, chaja na betri. Kisha chaja huchomolewa, betri hutolewa ikiwa inatoka, na kitufe hushikiliwa kwa sekunde 30 hivi ili kumaliza chaji iliyobaki ndani. Ni njia ya kujaribu kabla ya kwenda kwa fundi. Feni ikizunguka huku kioo ni cheusi, huunganishwa skrini ya nje, au RAM huchomolewa na kupachikwa upya.

Unguja hupata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara; hitilafu yake iliacha kisiwa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Umeme unaporudi kwa kishindo unaweza kuunguza chaja. Sehemu za pwani kama Bububu, hewa ya chumvi nayo hutia kutu kwenye viungio.

Mashine kufa si mafaili kupotea. Mara nyingi diski inayotolewa husomeka kwenye kompyuta nyingine, hivyo fundi anayetaka kuweka mfumo upya aambiwe anakili mafaili kwanza.